RX 580 ya Mtumba Inayokataliwa na Draiva: Tatizo ni BIOS au Kadi Yenyewe?

Swali: Nimenunua kadi ya picha ya Radeon RX 580 ya GB 8 iliyotumika. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i5-10400 na pawa saplai ya wati 550. Nikiwasha, picha inakuja safi na Windows inafunguka, lakini nikishaweka draiva ya AMD (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) skrini inakuwa nyeusi. Nikiwasha tena naona kwenye orodha ya vifaa alama ya njano na maneno Code 43. Muuzaji anasema kadi ni nzima, inahitaji kuflashiwa tu (yaani kuandikwa upya BIOS, ile programu ya msingi iliyomo ndani ya kadi), na rafiki yangu amenipa faili la BIOS ya RX 580. Pembeni mwa kadi kuna swichi ndogo ambayo sijui kazi yake. Je, niflashi? Au kadi hii imeshakufa?

Jibu: Ndugu msomaji, nakuomba usiflashi chochote kwa sasa. Dalili ulizoeleza zinaelekea zaidi kwenye kadi nzima iliyobadilishwa BIOS kuliko kwenye kadi iliyokufa, kwa hiyo una nafasi nzuri ya kuiponya. Lakini nafasi hiyo inaweza kupotea kwa dakika moja endapo utaandika faili la rafiki yako juu ya BIOS iliyomo kabla hujaisoma na kuihifadhi. Wakati huohuo zungumza na muuzaji akupe angalau wiki moja ya kuipima kadi, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, inafaa kujua kadi ya namna hii imetoka wapi. RX 580 iliingia sokoni Aprili 2017, na kwa miaka iliyofuata ilikuwa miongoni mwa kadi zilizopendwa sana na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, watu waliozifanyisha kadi hesabu nzito ili walipwe sarafu hiyo. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kabisa uchimbaji wa kutumia kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikaanza kuuzwa kama mitumba. Mchimbaji hakuwa na haja ya michezo wala ya video. Alichotaka ni kumbukumbu ya kadi ijibu upesi na bili ya umeme iwe ndogo, na njia yake ya kuyapata yote mawili ilikuwa kuibadilisha BIOS ya kadi.

Ndani ya BIOS ya kadi hizi mna jedwali la nyakati za kumbukumbu. Kwa kila kiwango cha masafa, tuseme megahezi 1500, 1750 na 2000, jedwali hilo hueleza chipu za kumbukumbu zipewe mapigo mangapi ya kusubiri kati ya amri moja na inayofuata. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo idadi ya mapigo ya kusubiri inavyopaswa kuongezeka, kwa sababu pigo moja limekuwa fupi zaidi ilhali chipu bado inahitaji muda uleule kujiandaa. Wachimbaji walinakili nyakati za kiwango cha 1750, na wengine hata za 1500, wakazibandika kwenye kiwango cha 2000, hivyo kumbukumbu ikakimbia kwa masafa ya juu huku ikipewa mapumziko ya masafa ya chini. Pamoja na hayo walishusha mwendo wa prosesa ya kadi, wakapunguza volteji na wakaweka kikomo kidogo cha umeme. Kwa uchimbaji mpangilio huo ulileta tija, kwa sababu hesabu moja ikikosewa mara chache mchimbaji hapotezi kitu kikubwa. Kwa mtu anayecheza michezo au kuhariri video, kosa hilohilo huonekana kama madoa ya rangi kwenye skrini, programu kujifunga ghafla, au kompyuta kuganda.

Sasa tuje kwenye Code 43 yako. BIOS inayotoka kiwandani huwa na saini ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha kwamba haijabadilishwa, na draiva ya AMD kwenye Windows huikagua saini hiyo kabla ya kuianzisha kadi. Mtu akibadilisha hata tarakimu chache za jedwali la nyakati, saini hailingani tena, na draiva hukataa kuendelea. Windows haielezi sababu. Inaandika tu kwamba kifaa kimesimamishwa kwa kuwa kimeripoti matatizo. Kwa bahati mbaya ujumbe huo hutokea pia kadi ikiwa mbovu kweli, ikikosa umeme wa kutosha, au draiva ikiwa imeharibika. Ndiyo maana Code 43 peke yake haithibitishi lolote, na mimi huuliza kwanza tatizo linaanza wakati gani.

Jibu lako kwa swali hilo ni la kutia moyo: picha ni safi tangu unapowasha hadi Windows inapofunguka, na shida inaanza draiva inapoingia. Kabla ya draiva kuanza, kumbukumbu ya kadi huendeshwa kwa masafa ya chini sana, na zile nyakati zilizobanwa za kiwango cha 2000 hazijatumika bado. Laiti ungekuwa unaona mistari, vidoto au herufi zilizovurugika tangu kwenye nembo ya ubao mama, ningekuambia urudishe kadi leo hii, kwa sababu chipu ya kumbukumbu inayokosea hata ikitembezwa polepole, au kiungio cha risasi kilichopasuka chini yake, hakiponi kwa kuflashi. Wapo mafundi wanaoipasha kadi ya namna hiyo joto la hewa ya moto ikafanya kazi kwa siku chache, kisha ikauzwa. Nasema hili ili ulijue, maana ni jambo linalowaumiza wanunuzi wengi.

Kabla ya kuendelea na BIOS, ondoa kwanza shaka ya umeme. RX 580 imepangiwa takriban wati 185, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 550 inaitosha, mradi waya wa pini 8 utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai na si kupitia kiungio cha kubadilisha pini za diski. Kama kadi yako ina soketi mbili za umeme, zote zijazwe.

Kisha ile swichi. Watengenezaji kadhaa wa RX 580 waliweka BIOS mbili kwenye kadi moja, na swichi ndogo iliyo ukingoni huchagua ipi isomwe. Hii inaweza kuwa dawa yako yote. Wachimbaji wengi waliibadilisha BIOS moja tu na kuiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani, ili wapate pa kurudia wakikosea. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, sogeza swichi upande wa pili, rudisha umeme na uwashe. Draiva ikikubali na skrini ikabaki na picha, umeshapata BIOS inayokubalika bila kuandika hata herufi moja. Usiisogeze swichi hiyo kompyuta ikiwa inafanya kazi, isipokuwa katika hatua moja nitakayoieleza mbele.

Iwapo upande wa pili nao unakataliwa, kazi inayofuata ni kusoma. Prosesa yako ya i5-10400 ina kitengo chake cha picha (ile yenye herufi F mwishoni haina), na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu utaweza kuona unachofanya hata kadi ikiwa haitoi picha. Ingia kwenye mipangilio ya ubao mama, chagua picha ya ndani iwe ya kwanza na uruhusu zote mbili zifanye kazi pamoja, kisha unganisha skrini kwenye soketi ya ubao mama. Fungua programu ya GPU-Z. Kama itaweza kuisoma kadi yako, angalia mambo manne: idadi ya viini (vitengo vya hesabu vya prosesa ya kadi), namba ya kitambulisho cha kifaa, mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu, na toleo la BIOS.

Viini vinapaswa kuwa 2304. Vikiwa 2048, umeuziwa ama RX 570 iliyobandikwa jina lingine, ama ile RX 580 ya viini 2048 iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, ambayo hutambulika kwa kitambulisho 6FDF badala ya 67DF. Hakuna faili la BIOS litakalokuongezea viini hivyo, na hapo mazungumzo na muuzaji yanakuwa ya bei, si ya ufundi. Sehemu ya pili ya kitambulisho humtaja aliyeitengeneza bodi: 1DA2 ni Sapphire, 1682 ni XFX, 148C ni PowerColor, 1462 ni MSI, 1043 ni ASUS na 1458 ni Gigabyte. Linganisha na jina lililochapwa kwenye bodi yenyewe, nyuma ya kadi, kwa maana feni na kava hubadilishwa kirahisi lakini bodi haibadiliki. Ukikuta bodi ni ya mtengenezaji mmoja na BIOS inajitambulisha kwa jina la mwingine, umeshapata sababu ya msingi ya kukataliwa au ya baadhi ya soketi za skrini kutotoa picha.

Kwa kusoma BIOS yenyewe, kitufe cha kuhifadhi cha GPU-Z wakati mwingine hushindwa kadi ikiwa kwenye Code 43. Tumia amdvbflash, zana ya kusoma na kuandika BIOS za kadi za AMD kwa kuandika amri, ukiifungua kwa haki za msimamizi. Amri amdvbflash -i itakuorodheshea kadi zilizopo na namba zake, na amri amdvbflash -s 0 kwanza.rom itaihifadhi BIOS ya kadi namba 0 kwenye faili. Isome mara mbili kwa majina mawili tofauti na uhakikishe mafaili hayo yanafanana kabisa. Yakitofautiana, chipu inayoihifadhi BIOS au mguso wa kadi na soketi yake una kasoro, na si wakati wa kuandika chochote. Faili zima huanza na baiti 55 AA na huwa na neno ATOMBIOS ndani yake. Igeuze swichi kwa utaratibu uleule wa kuzima kwanza, usome na upande wa pili, kisha hifadhi nakala zote nje ya kompyuta hiyo. Niliwahi kuletewa kadi ambayo mwenyewe alikuwa ameflashi mara tatu kwa mafaili matatu ya kuokoteza, bila nakala ya kwanza. Toleo la BIOS ya bodi yake halikuwa limehifadhiwa na mtu yeyote tuliyemfahamu, na kadi ambayo chipu zake zote zilikuwa nzima ilibaki haina kazi. Sipendi jambo hilo limpate mtu mwingine.

Faili ulilolisoma sasa linaweza kukuambia historia ya kadi. Lifungue kwa programu ya Polaris BIOS Editor, kwa kuangalia tu, bila kuhifadhi. Tazama jedwali la nyakati za kumbukumbu: mistari ya 1750 na 2000 ikiwa na mfululizo uleule wa herufi na tarakimu, basi imenakiliwa, na mashaka yamekwisha. Tazama pia mwendo wa juu wa prosesa ya kadi. RX 580 ya kawaida hufika megahezi 1340 au zaidi kidogo. Ukikuta 1150 au 1200, ujue hiyo ni alama ya mchimbaji.

Kuna kipimo kingine ninachokithamini sana, nacho ni kuiwasha kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi mbadala wa Windows) iliyoko kwenye flashi ya USB, Ubuntu kwa mfano, bila kuisakinisha. Draiva ya amdgpu iliyomo kwenye Linux haikatai kadi hizi kwa sababu ya saini ya BIOS. Fungua dirisha la amri (Terminal) na uandike sudo dmesg | grep -i amdgpu, uone kama kadi imeanzishwa na jina la BIOS limetajwa, jina ambalo aghalabu huanza na 113. Kadi inayokubali Linux na kukataa Windows ni kadi ambayo tatizo lake karibu hakika ni saini. Kadi inayogoma pande zote mbili inahitaji uchunguzi wa vifaa kabla ya kuifikiria BIOS.

Tuseme imethibitika kwamba BIOS zote mbili zimebadilishwa. Hapo ndipo tunalitazama faili la rafiki yako, na jibu langu ni kwamba usilitumie mpaka ujue limetoka kwenye bodi ipi. Jina RX 580 GB 8 halitoshi. BIOS ndiyo inayoijulisha draiva kuna soketi ngapi za HDMI na DisplayPort na zimeungwa wapi, ndiyo inayoamua volteji na mwendo wa feni wa bodi hiyo mahususi, na ndiyo inayobeba nyakati za aina fulani tu za chipu za kumbukumbu. Kadi yenye chipu za Micron ikipewa BIOS inayozijua Samsung na Hynix peke yake, inaweza kuwaka ikaganda, au isiwake kabisa. Mahali pazuri pa kutafuta ni mkusanyo wa BIOS wa TechPowerUp, ambako kila faili huorodheshwa pamoja na mtengenezaji wa bodi, masafa, na majina ya chipu zinazokubalika, kama vile K4G80325FB ya Samsung. Chagua faili linalolingana na bodi yako kwa mtengenezaji, modeli, ukubwa wa kumbukumbu na aina ya chipu, na kati ya yanayolingana chukua lile lililothibitishwa na wenye mkusanyo badala ya lililopakiwa na mtu asiyejulikana.

Utaambiwa pia kwamba ipo njia fupi: programu ndogo inayoifanya draiva ya Windows isikague saini. Ipo kweli na inafanya kazi, lakini siipendekezi. Kila ukibadilisha draiva itabidi uirudie, na kikubwa zaidi ni kwamba inaondoa kizuizi huku ikiziacha zile nyakati zilizobanwa palepale. Utapata picha, kisha baada ya siku mbili utaanza kutafuta kwa nini michezo inajifunga.

Wakati wa kuandika ukifika, kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta) iliyojaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya uandishi, BIOS ya upande huo itabaki nusu. Funga programu zote, endelea kutumia picha ya ndani, na uhakikishe swichi iko kwenye upande unaotaka kuuandika. Anza na upande mmoja tu. Amri ni amdvbflash -p 0 ikifuatiwa na jina la faili. Kama zana itagoma kwa kusema kitambulisho cha bodi hakilingani, ichukue kauli hiyo kama onyo halisi na urudi kukagua faili. Kuna alama ya -f inayolazimisha, nayo imewagharimu wengi kadi zao. Uandishi ukikamilika, usirudie kuwasha kwa amri ya kawaida ya kuanzisha upya. Zima kabisa, chomoa umeme, subiri dakika moja, kisha washa. Ondoa draiva ya zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye hali salama ya Windows, na usakinishe draiva ya AMD iliyoorodheshwa kwa ajili ya familia ya RX 500. Tangu Novemba 2023 AMD ilizitenga kadi za kizazi hiki kwenye tawi lao la draiva, kwa hiyo faili lililotengenezwa kwa kadi mpya pekee halitakufaa.

Endapo upande ulioandikwa haukuwaka, usihofu. Zima, hamia upande ambao bado unawaka, washa, na ukishafika ndani ya Windows au Linux ndipo usogeze swichi kurudi upande mbovu kadi ikiwa inafanya kazi, kisha uandike nakala yako ya kwanza. Inawezekana kwa kuwa BIOS husomwa kadi inapoanza tu. Kwa kadi isiyo na swichi, washa kwa picha ya ndani na ujaribu kama amdvbflash -i bado inaiona. Isipoionyesha, mpelekee fundi wa kompyuta mpakato mwenye kifaa cha kuandikia chipu za BIOS, cha aina ya CH341A. Ataitafuta kwenye bodi chipu ndogo ya miguu minane na kuibana kwa klipu. Mwombe asome kwanza namba iliyo juu ya chipu ili ajue ni ya volti 3.3 au 1.8, maana kosa la hapo huiunguza.

Draiva ikikubali, kazi bado haijaisha, kwa sababu kadi iliyofanya kazi ya uchimbaji kwa muda mrefu inaweza kuwa na kumbukumbu iliyochoka hata ikiwa na BIOS sahihi. Endesha memtest_vulkan kwa nusu saa. Programu hii huandika na kusoma kumbukumbu ya kadi na kuonyesha kosa lolote. Sambamba na hilo fungua HWiNFO, programu inayoonyesha vipimo vya vifaa vya kompyuta, na utazame mstari wa makosa ya kumbukumbu ya kadi. Kumbukumbu ya GDDR5, aina iliyomo kwenye kadi hii, ina uwezo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya, kwa hiyo kadi inaweza kuonyesha picha safi kabisa ilhali makosa yanahesabika kwa siri na kasi inashuka. Kwenye kadi nzima yenye BIOS ya kiwandani hesabu hiyo inapaswa kubaki sifuri.

Ikipanda, fungua kava, safisha vumbi, badilisha pesti ya joto ya prosesa ya kadi na pedi za joto zilizo juu ya chipu za kumbukumbu, kwa maana baada ya miaka ya moto pedi hizo hukauka na kuacha kugusa vizuri, kisha pima upya. Kama makosa bado yapo, ishushe kumbukumbu hadi megahezi 1750 kwenye mipangilio ya draiva na upime mara ya mwisho. Yakitoweka, unaweza kuamua kubaki nayo kwa bei iliyopunguzwa, ukijua kwamba umepoteza kiasi cha kasi na kwamba chipu mojawapo iko njiani kuchoka. Yakiendelea hata hapo, mrudishie muuzaji kadi yake ndani ya ile wiki mliyokubaliana, pamoja na picha ya skrini ya hesabu hiyo.